Njia ya Kando

Muhoroni, wodi ya watoto. Nje
trela za miwa zinanguruma kuelekea kiwandani.
Mkojo wa Olweny chupani
ni strungi iliyosahauliwa jikoni.

Vidonge vya malaria nilimpa mwenyewe,
nikivihesabu kwa kidole.

Bi Kageha wa maabara akauvunja muwa wangu gotini:
"Sukari ikiingia chembeni, mama,
nyingi hushika barabara kuu. Huchomwa, tukapata nguvu.
Kidogo hukata kona,
hupita njia ya kando.
Huko hakuna moto. Huko hupikwa kinga,
chembe nyekundu zisiliwe na kutu.
Zenyewe hazina njia nyingine.
Kwa mwanao, bawabu wa njia hiyo ni mlegevu."

Kimeng'enya, alimwita.
Nililitafuna neno, likabaki kapi.

"Bawabu huyo kamrithi kwa nani?"
Alinitazama tu.

Mimi,
nisiyewahi kulazwa hata usiku mmoja.

Alhamisi mkojo ulirudia umanjano
nikaushangilia kama mwendawazimu.
Sasa natembea na karatasi
ya dawa alizokatazwa,
nimeifunga penye pindo la leso,
pale nilipokuwa nikificha nauli.