Inchi Mbili

Kerubo ameketi ukingoni mwa kitanda,
shuka jeupe mabegani, kalamu sikioni.
Usiku huu ndiye daktari.
"Hujambo, mama?"
"Sijambo."
Anagonga kijiko mezani. "Umekosea tena!"

Nifanyeje? Miaka hamsini na mitatu
ulimi wangu unajua njia hiyo moja.
Hata siku kiharusi kiliponiangusha pale Mutindwa,
kati ya cherehani na pasi ya makaa,
mtu aliniinamia akaniuliza, hujambo?
nami kwa nusu ya mdomo iliyobaki
nikamjibu sijambo.

Juu ya meza, chini ya balbu: faili ya buluu.
Fomu, nakala tatu. Barua ya hospitali.
Nakala ya kitambulisho, ambamo bado nina mashavu mawili yanayolingana.
Picha mpya nne. Mpiga picha wa pale Umoja
aliniambia mara tatu, tabasamu mama,
na mara tatu nikatabasamu.

Mutheu wa ghorofa ya tatu, aliyekwenda akarudishwa, akaenda tena,
amepanda na kushuka ngazi mchana kutwa kunifunda.
Usijipake mafuta.
Usipige nguo pasi.
Usinywe chai, chai itakupa nguvu za uongo.
"Ukienda umependeza watakuona mzima,
na mficha maradhi, dadangu,
kilio ndicho kitakachomuumbua."

Mimi? Niende Mama Lucy na mikunjo mgongoni,
mimi niliyewavalisha nusu ya mtaa huu?

Naijua kazi ya kupima.
Miaka ishirini na sita nimezungusha utepe viunoni mwa watu
na sijaona asiyevuta tumbo.
Bibi harusi, mchungaji, askari wa kanjo,
wote huacha kupumua mpaka nitaje namba.
Huiandika namba yao, wairidhie.
Wakishaondoka naongeza inchi mbili, kimya,
kwa sababu nguo itavaliwa na mtu anayekula,
anayeinama, anayecheka.

Kesho utepe uko mikononi mwa wengine.
Madaktari wataniangalia, wataandika asilimia.
Sijui mkono uliolala hupimwa kwa nini.
Kwa kilo? Kwa mita?
Kwa sare ya mtoto wa Nafuna, iliyokatwa Februari,
ambayo bado haina mikono, na mtoto mwenyewe
amekwisha kurefuka akaipita?

Na mimi pia nimekuwa nikivuta tumbo.
Wageni wakija, kikombe nakishika kwa kushoto
kana kwamba ndivyo nilivyozaliwa.
Nasubiri waage ndipo nisimame.
Wakiuliza mbona kibanda kimefungwa
nasema umeme, nasema mvua,
nasema nyuzi zimepanda bei.

"Hatuongezi kitu, mama," asema Kerubo.
"Wala hatupunguzi. Siku mbaya, ilivyo.
Hebu vaa ile ya kijani."

Ile ya kijani ina vifungo vitano mbele.
Matundu yake niliyadarizi mwenyewe
huku nikisikiliza redio, bila hata kutazama.
Anashika simu, anahesabu.
Kifungo cha kwanza.
Nje mtu anaburuta mtungi wa maji.
Cha pili kinaingia, kinatoka, kinaingia.
Mtungi umefika ghorofa ya juu.
Kwenye cha nne namwona mwanangu
ameacha kuitazama simu.
Mkono wake umeinuka kuja kunisaidia;
ameurudisha, ameukalia.

Cha tano.

"Dakika kumi na moja," anasema,
na sauti yake si ya daktari tena.
Anaandika. Anakohoa. Anajifunga shuka upya.

"Twende tena. Hujambo, mama?"

Navuta pumzi.
Kisha naiachilia yote.