Koti Kwenye Ngazi

Binti yangu kazi yake ni kushika watu.
Kola, mkono wa koti, kiuno, kisha chini:
ndiyo judo, mwaka wa kumi na tatu sasa.
Halafu Machi ikaja na amri yake:
asiguswe mtu.

Ukumbi wa Walsall ukatiwa mnyororo.
Kocha Gethin akatuletea mikeka minne mlangoni,
akarudi nyuma hatua sita, akapunga,
akaondoka upesi kama mwenye deni.

Zuwena akajiundia mpinzani:
begi la safari, lile la kwendea Tanga,
mchele kilo ishirini, mchanga wa paka,
kamusi mbili, mablanketi.
Akalipandisha kwenye mizani ya bafuni.
Hamsini na sita na nusu.
Akaongeza kopo la maharage.
"Sasa tuko sawa," akasema, "ila halikasiriki."

Saa kumi na mbili asubuhi, puu.
Puu. Sahani zinaitikia kabatini.
Maureen, jirani wa ukuta mmoja, aligonga kwa fagio wiki nzima;
wiki ya tatu, siku Zuwena alipopumzisha bega,
akapiga simu: "Mbona kimya? Mko salama?"

Jioni hulifunga koti lake kwenye nguzo ya ngazi,
hulivuta, hulivuta, mara mia tatu,
na nguzo imeanza kulegea.
Kwenye simu kocha anafoka: nyonga, Zuwena, nyonga!
Naye, akihema:
"Nguzo haina nyonga, kocha. Sijui itaegemea wapi."

Mimi narudi kutoka wodini saa nane usiku.
Navua sare uani, kwenye baridi, naifunga mfukoni,
naoga, nalala stoo.
Siku arobaini na moja sijamgusa.
Tunaongea mlango ukiwa kati. Ananitajia mapigo ya moyo wake,
arobaini na nne, ametulia,
nami nazimeza namba nilizoziona kwenye mashine za wengine.

Wamesema mashindano yamesogezwa mwaka mzima.
Hakulia. Alikwenda akalitoa kopo la maharage,
akalitazama,
akalirudisha.

Jana usiku nilipita ngazini, nimenawa hadi viwiko.
Koti lilikuwa pale, bado bichi kwa jasho,
mabega yameshuka.
Nikatazama juu: mlango wake umefungwa.
Nikashika kola kwa mkono wa kulia,
mkono wa koti kwa kushoto, kama anavyoshika yeye,
nikasimama tu.
Nguzo ikalia kidogo.
Na kutoka juu, gizani, sauti:
"Nyonga, mama."