Jalada la Februari

Dirisha la tatu, mahakama ya kaunti, Nebraska.
Alhamisi. Theluji imekuwa tope mlangoni.
Nimekuja na kalamu yangu mwenyewe,
kana kwamba wino wa serikali ungenisengenya.

Karani ni Ardith, aliyetufundisha aya za Jumapili
katika chumba cha chini cha kanisa.
Ananisukumia karatasi saba bila kunitazama usoni.
Ndiyo heshima ya mji wa watu elfu mbili:
kila mtu anajua, na kila mtu anasoma kompyuta yake.

Jina la mwombaji: Renae.
Jina la mjibu maombi: Curt.
Tarehe ya kufunga ndoa.

Tulifunga. Sasa tunavunja.
Nikakwama hapo, kalamu hewani.
Kilichofungwa si hufunguliwa?
Fundo la kamba ya ndama hulifungua hata kwa meno;
sijawahi kulivunja.

Je, ndoa imevunjika kiasi cha kutoungika tena?
Kisanduku ni kidogo kuliko punje ya hindi.
Miaka ishirini na sita,
ghala tuliloliezeka upya baada ya mvua ya mawe,
mkopo wa trekta, mimba mbili zisizofika,
mbwa aliyezikwa nyuma ya tangi la gesi,
na zile jioni Curt alipokula amesimama kwenye sinki
ili asiketi mbele yangu:
vyote vikaingia humo, na nafasi ikabaki.
Nikatia alama.

"Utahitaji nakala ya cheti cha ndoa," anasema Ardith.
"Masijala iko chini. Vitabu ni vya watu wote."

Ngazi kumi na nne. Bomba la joto linagonga
kama mtu aliyefungiwa ndani ya ukuta.
Vitabu viwili vya kijani, migongo imefanana;
nikafungua kisicho changu.
Herufi V, maana niliolewa nikiwa Vondracek.
Kidole kikashuka: Vana, Vesely, Vlcek,
Vondracek.
Lakini si mimi.

Vondracek, Leona, dhidi ya Vondracek, Emil.
Ombi la kuvunja ndoa.
Februari kumi na moja, sabini na nne.

Leona ni mama.
Mama, aliyenibana shela kwa pini siku ya harusi
akisema, pini mdomoni,
mwanamke huiaga nyumba yake mara moja tu,
na siku hiyo hubebwa.

Jalada lina karatasi mbili.
Mhuri wa zambarau. Saini iliyolala upande
kama majani ya ngano baada ya upepo.
Pale pa kueleza sababu, kwa mkono wake:
Hanisemeshi.
Hakuna kingine.
Na chini kabisa, kwa taipu:
Limeondolewa na mwombaji. Machi sita.

Nikahesabu kwa vidole, mimi mtu mzima,
Machi, Aprili, Mei,
mpaka kidole cha nane.
Nilizaliwa Oktoba.

Baba sikumjua kwa sauti; nilimjua kwa buti zake.
Nilidhani nyumba zote hulia hivyo:
saa, friji, buti.

Nikapanda na karatasi mbili na cheti changu.
Ardith akazitambua kabla hazijagusa kaunta.
Akafungua mdomo, akaufunga.
"Nakala ni senti ishirini na tano kwa ukurasa."

Sheria inataka siku sitini za kungoja.
Mama zilimtosha ishirini na tatu.
Yuko kule kwenye nyumba ya wazee, chumba cha tisa,
ananiita kwa jina la dada yake,
nami naitika. Sitamuuliza.
Ningemuuliza nini? Pole kwa kuja?

Karatasi zilikuwa bado na joto la mashine.
Nikaziweka ndani ya koti, nikafunga zipu mpaka shingoni,
si kwa huzuni.
Nje kulikuwa na upepo.