Uwanja Namba Kumi na Nne

Mjukuu wangu Aris ameuliza tena,
kinywa kimejaa viazi vya chumvi:
Bibi, nani mkuu kuliko wote?
Anataka jina moja. Hesabu anayo kwenye simu:
makombe, wiki za kukaa kileleni, mamilioni.
Mimi nina daftari lenye madoa ya kahawa.

Januari arobaini na tatu nimeteremka tramu hapa Melbourne,
na ishirini na sita kati ya hizo tramu niliiendesha mwenyewe,
zamu ya alfajiri, kisha koti la kazi ndani ya mkoba,
na tiketi ya bei ya chini,
ile isiyokufikisha uwanja mkuu.

Uwanja mkuu nimeusikia tu.
Watu elfu kumi na tano wakishusha pumzi pamoja,
sisi wa viwanja vya pembeni huinua vichwa
tukakisia: amepoteza servi. Ameokoa pointi ya mwisho.
Leonidas alikuwa bingwa wa kukisia,
bingwa pekee niliyewahi kumfulia soksi.

Ukubwa huonekana kwa mbali, Aris, kama mnara.
Ukuu sijui. Ngoja nikusomee.

Digrii arobaini na moja.
Shakwe wamekaa juu ya uzio, midomo wazi.
Raundi ya kwanza. Torvald Ekdahl, Mswidi,
aliyeponea chupuchupu kwenye mchujo,
miguu ya korongo, kofia ya kuazima,
ameshafungwa seti mbili,
na katika ya tatu ana sifuri kwa tano.
Watazamaji tulikuwa kumi na mmoja,
na mmoja wetu alikuwa amelala.
Mpinzani wake leo ana sanamu kwao. Simtaji.

Kumi na tano kwa arobaini.
Ekdahl akaudundisha mpira mara saba,
saba zake zilezile za gemu ya kwanza,
kama mtu asiyeambiwa kwamba nyumba imeshauzwa.
Akaanzisha. Ukarudi mkali, ukamtoa nje kabisa,
akaukimbilia hadi kwenye uzio, shakwe wakaruka,
na kutoka pale, magoti karibu yaguse sakafu,
akaupiga.
Haukupita juu ya wavu. Ulizunguka nguzo,
chini, chini, kama paka apitaye nje ya mlango,
ukatua konani, ukatulia.

Hakuna aliyepiga makofi.
Hatukujua kama sheria inaruhusu.
Kisha Leonidas akasimama, chupa ya chai ikamponyoka,
na yule aliyelala akaamka akiuliza nani amekufa.

Pointi iliyofuata Ekdahl alikosea servi mara mbili.
Basi. Ikaisha.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani.
Yeye mechi alikubali, akapeana mkono vizuri tu.
Mpira ule mmoja ndio aliokataa.
Halafu, begi likiwa begani, akarudi pale kwenye uzio,
akainama, akaitazama nguzo kwa jicho moja,
kama aliyedondosha funguo.

Nimefikiria kuinama kule kuliko fainali zote.
Mimi mwenyewe raketi nimeshika mara moja,
uwanja wa manispaa kule Brunswick:
mpira wangu wa kwanza uliingia kwenye mtini wa jirani,
wa pili nao ukaufuata.
Labda ndiyo maana. Asiyejua kupika
ndiye anayekumbuka harufu.

Aris ametafuta jina hilo kwenye simu.
Mstari mmoja, Bibi. Raundi ya kwanza, ameshindwa.
Ndiyo, nasema, ni kweli, ameshindwa.
Kiti cha kushoto kwangu nimekiwekea kofia,
ni Januari ya pili bila mwenyewe.

Na sasa hivi, kule nyuma ya paa kubwa,
ngurumo. Ndefu. Inakatika ghafla.
Mtoto anainua kichwa, simu imelala mapajani.
Kumetokea nini?

Kisia, namwambia.