Herufi Iliyoruka Mstari

Kila Januari baba aliivika taipureta koti lake kuukuu,
akaifunga mkanda, tukaipeleka polisi
kama watu wanaompeleka mgonjwa kupimwa.
Theluji ya Turda ilinifika magotini.

Askari alisukuma karatasi: Chapa herufi zote.
Baba akachapa. A ikakaa. B ikakaa.
T ikaruka juu ya mstari, kidogo tu,
kama mtoto anayechungulia ua wa jirani.
Askari akaizungushia wino mwekundu, akaguna.
Tangu hapo serikali ilitujua kwa T yetu,
kama wengine wajulikanavyo kwa kovu.

Kuta zina masikio, tulijua.
Wetu ulikuwa na kalamu pia.
Bwana Coriolan, mlango wa saba,
aliandika mgeni, aliandika kikohozi,
harufu ya kahawa aliyotuletea shangazi Veturia,
na mzaha wa baba juu ya foleni ya mayai.
Tarehe hakukosea hata moja.
Huyo ndiye ripota wa kwanza niliyemfahamu.

Mzaha wenyewe haukuchekesha.
Ulimgharimu baba miezi kumi na minne.

Mama aliifunika simu kwa mto,
akafungulia bomba, maji yakachuruzika kwenye karai,
ndipo akalitaja jina lake.
Hadi leo nikisikia maji nyumba ya pili
nadhani kuna mtu anasema kweli.

Desemba ile watu walipokata nembo katikati ya bendera
nilikuwa na miaka kumi na mitano.
Nilipitisha kichwa kwenye tundu:
mtaa ule ule, matope yale yale,
ila watu wanapiga kelele,
na Bwana Coriolan anapiga kelele kuliko wote.

Nikaandika. Gazeti la kurasa nne,
bei ya viazi, mazishi, bei ya viazi tena.
Kisha barua ya ufadhili, kisha treni,
siku mbili na mkate wa mama uliofungwa kwa leso.

Utrecht hawana mapazia.
Jioni unawaona mezani, wanamega viazi,
mtoto anakataa mboga, hakuna anayejificha.
Wiki za kwanza nilipita nimeinamisha macho,
kama niliyemfumania mtu anaoga.

Darasani Bi Hendrikje aliuliza:
Chanzo chako ni nani? Jina. Tarehe. Saa.
Wenzangu wakaandika. Mkono wangu ukawa jiwe.
Swali hilo baba aliulizwa
na mtu aliyemvua miwani kwanza,
akaiweka upande wa pili wa meza.

Ilinichukua mwezi kuelewa
kwamba maneno ni yale yale,
na kwamba hapa naruhusiwa kukaa kimya.

Makala yangu ya kwanza: mayai, mto, simu.
Coriolan nilimtaja, nikamfuta, nikamrudisha.
Kompyuta ya chuo ikapanga herufi zote sawasawa,
safi mno, kama ushahidi uliofundishwa.
Basi nikachukua kalamu
nikazipandisha T, moja moja,
kurasa sita, hadi saa nane za usiku,
dirisha wazi, anayepita na aone.

Bi Hendrikje amenirudishia kazi.
Pembeni ameweka alama ya kuuliza:
Hizi ni nini?

Bado sijamjibu.