Kiendeshi

Hadubini imeletwa Kiborloni kwa bodaboda,
ndani ya boksi la sabuni, na kikaratasi cha Sista Ediltruda:
"Kamera yake haioni tena. Tulibadilisha kompyuta tu."

Haioni. Jicho zima, kioo hakina hata ukungu.
Nimeichomeka, taa ya kijani ikawaka,
kompyuta ikauliza, wewe nani?
Nayo ikajibu kwa lugha ya kwao.

Kiendeshi chake ni cha mwaka ule, cha mashine ile,
kimefungwa kote, hakina mshono wa kupenyeza ukucha.
Niliwaandikia wenye kampuni. Walijibu kwa adabu:
msimbo ni mali yetu, ni siri ya biashara,
na toleo hilo tumeshaliacha. Nunueni jipya.

Nilicheka, maana nimelelewa na siri.
Mama alipika mbege kule Uru,
wanywaji wakajaa hadi kwenye migomba ya jirani,
na siku ya kutia msesewe alifunga mlango wa jikoni.
Hata mimi nilibaki nje na beseni.
Kiasi gani, mama?
"Mpaka mkono useme."
Sikumlaumu. Mama Aikaeli wa ng'ambo ya korongo
alionja, akaiga, akashusha bei,
na ada yangu ya kidato cha pili ikaondoka na povu.

Kwa hiyo siwatukani wanaofunga jiko.
Ila mama hakumuuzia mtu kata ya mbege
akamwambia: ukibadilisha mdomo, haitanyweka.

Usiku wa tatu. Nasikiliza waya.
Kwenye daftari la mraba naandika:
ikisema hivi, hujibiwa vile.
Sitaki mapishi yao.
Natafuta neno la kuiamsha, basi.

Saa tisa, umeme ukiwa bado na huruma,
duara la kijivu likajitokeza, likatetemeka, likatulia.
Slaidi ilisahauliwa chini ya lenzi:
damu ya mtu wa Kibosho, sijui nani,
chembe zimelala kama ulezi kwenye ungo.

Nimekaa kimya kidogo.
Mama alikwenda masika yaliyopita.
Pipa lake liko stoo, limekauka, limepasuka ubavuni.

Barua ya kampuni iko chini ya bisibisi.
Nimefungua daftari jipya, la kumpa yeyote atakayeliomba.
Ukurasa wa kwanza: jinsi ya kuiamsha kamera.
Wa pili, kwa penseli: msesewe, kiasi