Saa ya Dukani, Wete

Jana nimeiacha na adabu zake.
Usiku imejipandisha daraja yenyewe,
asubuhi inaniambia "Karibu"
kwenye kompyuta yangu mwenyewe.

Vialama vilivyokuwa kushoto
vimekaa katikati kama bibi harusi.
Herufi zimekonda, za mgonjwa.
Printa wanaiuliza, wewe nani?
Printa iliyochapa kadi za harusi za nusu ya Limbani!

Shaame fundi kasema, "Utazoea, Mwanakombo."
Nizoee nini?
Nguo nimeshona mwenyewe,
mtu anihamishie vifungo mgongoni?

Nikarudisha mlango nusu, nikaanza.
Vialama, kushoto.
Habari za dunia nisizoziuliza, zima.
Kikengele cha kila dakika, zima.
Herufi nene, za macho ya miaka hamsini na mbili.

Kisha saa. Hapo ndipo waliponikera.
Niliirudisha nyuma saa sita kwa makusudi,
isome tunavyosema.
Wao wameisahihisha: tisa.
Tisa, na chai bado sijanywa!
Nikaishusha, nane, saba,
taratibu kama mtu anayeteka maji kisimani,
mpaka tatu. Tatu asubuhi.

Ukabaki mlima wa theluji waliouweka nyuma ya yote.
Nao nilitaka kuung'oa,
lakini kaingia Bimkasi kutoa kopi ya cheti cha mtoto,
feni mbovu tangu Rajabu,
jasho linamtiririka.
Kautazama ule mlima,
anajipepea na bahasha,
anajipepea pole pole,
akaacha.

Haya. Huo ukae.